Domeni mpya ya shule haifungui tovuti yake (WordPress ya tovuti nyingi) – msaada wakuu

mrithi_wa_seva
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana tangu Jumatatu nahangaika na hiki kitu na mwalimu mkuu ananipigia kila asubuhi kabla sijanywa hata chai.

Iko hivi, nimeachiwa WordPress moja (programu ya kuendeshea tovuti) yenye tovuti 11 ndani yake, zote za shule. Jamaa aliyeijenga alipata kazi kwingine akaniachia paswedi kwenye karatasi na "all the best". Majina nabadilisha, tuseme mtandao mkuu ni mfano.co.tz na kila shule ina sabudomeni yake, shule2.mfano.co.tz, shule3.mfano.co.tz hivyo hivyo mpaka mwisho. Sasa shule ya nne wamelipia domeni yao wenyewe, shule4.sc.tz, wanataka mtu akiandika hiyo aone tovuti yao bila kuona neno mfano popote.

Nilichofanya: kwa msajili nimeweka rekodi ya A, ile inayoelekeza jina la domeni, kwenda IP (namba ya anwani) ya seva yetu. Kwenye cPanel, ile paneli ya kusimamia hostingi, nikaongeza domeni. Kisha nikaingia Network Admin, Sites, Edit, pale kwenye Site Address nikaandika https://www.shule4.sc.tz nikasevu.

Matokeo yake ni ukurasa mweupe umeandikwa Index of / na folda moja tu, cgi-bin. Watu wa hostingi wameniambia nifute keshi. Nimefuta keshi ya simu, ya laptop, ya mke wangu.

Halafu kuna jambo dogo, domeni ya shule9 (shule9.sc.tz) inafungua tovuti ya shule7. Hilo nililikuta, sijaligusa.

kitochi_cha_bei
Zima plagini zote uwashe moja moja.

DogoWaKodi
Mkuu hiyo multisite ni presha ya bure, toa kila shule kwenye WordPress yake ulale. Mimi nilikuwa na tovuti 6 hivyo hivyo nikazitenganisha.

mrithi_wa_seva
@DogoWaKodi kutenganisha 11 na mimi niko peke yangu, kila apdeti nifanye mara 11? Wacha kwanza tuone.
@kitochi_cha_bei nimezima zote, bado Index of.

BiMkubwa_wa_Rekodi
Plagini hazihusiki kabisa hapo, WordPress yenyewe bado haijaguswa. Ukiona Index of na cgi-bin ujue maombi yamefika kwenye seva yako ila yamepelekwa chumba kisicho chake.

Ngoja nieleze kidogo maana wengi wanachanganya hapa. Fikiria S.L.P. ya shule. Barua za walimu wote, wanafunzi wote, bodi, zinaingia sanduku moja, sekretari ndiye anasoma jina juu ya bahasha anajua ipeleke wapi. IP ya seva yako ndiyo hiyo S.L.P., tovuti 11 zote ziko nyuma ya namba moja, na jina juu ya bahasha ni kile kichwa cha Host ambacho brauza inakituma kila inapoomba ukurasa. Bila hicho seva haijui unamtaka nani. Jina hilo hilo linasomwa na watu tofauti kwa zamu: DNS, kitabu cha majina cha intaneti, inasema S.L.P. ni ipi, cheti cha https kinaulizwa kama kinalijua jina hilo, Apache au nginx (programu ya seva inayotoa kurasa) inasema folda ni ipi, na mwishowe WordPress inafungua daftari lake inasema tovuti ni ipi. Kila mmoja ana daftari lake na hawaulizani.

Sasa wewe kwenye cPanel uliongeza domeni kama Addon, siyo? Addon inatengeneza folda mpya tupu. Wewe ulitaka Alias, zamani ikiitwa Parked Domain, ambayo inaelekea folda ile ile yenye WordPress. Futa Addon, weka Alias.

mrithi_wa_seva
Dada wewe ni moto. Ni kweli ilikuwa Addon, ikatengeneza folda ya shule4.sc.tz ndani ya public_html. Nimefuta nikaweka Alias. Sasa brauza inalia "Your connection is not private", nikilazimisha naona ukurasa wa shule. Lakini tuna cheti cha nyota, *.mfano.co.tz, si kinatosha?

BiMkubwa_wa_Rekodi
Nyota inashika ngazi moja tu, na ya mfano.co.tz peke yake. shule4.mfano.co.tz sawa, lakini www.shule4.mfano.co.tz hapana, na shule4.sc.tz ndo kabisa hawajuani. Endesha AutoSSL ya cPanel ikuchukulie cheti cha shule4.sc.tz na www yake. Hakikisha zote mbili zina rekodi DNS kwanza, la sivyo uthibitisho utafeli kwa ile isiyo na rekodi.

nyota_ya_ngong
Niaje wadau. Naomba nidandie huu uzi kidogo, mimi niko Nairobi na mtandao wangu ni wa folda, si sabudomeni, yaani mfano.co.ke/habari, mfano.co.ke/michezo. Nimeuhamisha kwa seva ya majaribio, nikabadilisha DOMAIN_CURRENT_SITE (jina la mtandao mkuu) kwenye wp-config, lile faili la mipangilio, iwe jina jipya. Sasa naona "Error establishing a database connection". Username na paswedi ya databezi nimeangalia mara kumi, ziko poa, phpMyAdmin (ya kufungulia databezi) inaingia bila shida. Hii kitu inanidanganya ama?

BiMkubwa_wa_Rekodi
Inakudanganya haswa. Huo ujumbe umetesa watu miaka mingi. Fungua /wp-admin ya hiyo seva ya majaribio uniambie imeandika nini.

nyota_ya_ngong
Weh! "Could not find site" halafu jina langu jipya, halafu "Searched for table wp_blogs in database" na jina la databezi, "Is that right?"

BiMkubwa_wa_Rekodi
Umeona. Databezi imeunganika vizuri tu, imesomwa, jina ndo halikuonekana. WordPress ikikosa tovuti kwenye hali kama yako inatumia ukurasa ule ule wa kifo cha databezi, na maelezo ya kweli inayatoa ukiingilia upande wa admini tu, mgeni wa kawaida anaona mstari mmoja wa kutisha. Wp-config yako inasema jina jipya ila jedwali bado lina la zamani. Badilisha domain kwenye wp_blogs, kwenye wp_site, na siteurl na home kwenye wp_options, halafu na za wp_2_options, wp_3_options mpaka mwisho. Kama una WP-CLI (ya kuiamuru WordPress kwa maandishi) tumia wp db query, hiyo inafanya kazi hata WordPress yenyewe ikiwa imelala.

nyota_ya_ngong
Imeshika! Nilikuwa karibu kuagiza seva nyingine. Asante sana mathe.

mrithi_wa_seva
Cheti kimekaa, kufuli limerudi. https://www.shule4.sc.tz inafungua safi kabisa tovuti ya shule. LAKINI ukiandika shule4.sc.tz bila www inakurusha https://mfano.co.tz/wp-signup.php?new=shule4.sc.tz, inasema registration has been disabled. Mwalimu mkuu yeye anaandika bila www. Bila shaka.

Fundi_Kimya
Weka redairekti kwenye .htaccess, faili la maelekezo ya seva, kutoka bila www kwenda www, mchezo umeisha.

BiMkubwa_wa_Rekodi
Itafanya kazi ila ni kiraka. Mrithi, tuma matokeo ya hii:

SELECT blog_id, domain, path FROM wp_blogs;

mrithi_wa_seva
1 | mfano.co.tz | /
2 | shule2.mfano.co.tz | /
3 | shule3.mfano.co.tz | /
4 | www.shule4.sc.tz | /
...
7 | shule7.mfano.co.tz | /
9 | shule9.sc.tz | /
zilizobaki zote ni sabudomeni za kawaida

BiMkubwa_wa_Rekodi
Hilo ndo daftari lenyewe. WordPress inachukua jina kutoka Host, inalifanya herufi ndogo, ikiwa lina :80 au :443 mwishoni inakata, halafu inatafuta mstari unaofanana. Jina likianza na www. inatafuta mara mbili, lenye www na lisilo na www. Ila haifanyi kinyume chake! Ukija bila www haiongezi www. Kwa hiyo umeandika www kwenye daftari, anayekuja na www anapata, anayekuja bila www hana mstari, anarushwa kwenye kujisajili kana kwamba anataka kufungua shule mpya.

Rudi Site Address uondoe www. Zote mbili zitafika, na WordPress yenyewe itamsogeza wa www kwenda bila www. Na ukisevu hapo angalia kichupo cha Settings cha tovuti hiyo kama home na siteurl zimebadilika pia, maana inazibadilisha tu kama zilikuwa zinafanana na anwani ya zamani. Kama kuna mtu aliwahi kuzichezea kwa mkono zinabaki nyuma.

Na watu wengi wanafikiri NOBLOGREDIRECT ndo dawa ya wp-signup. Ile inabadilisha tu aliyepotea atupwe wapi, haimpi njia.

mrithi_wa_seva
IMEFUNGUKA BILA WWW. Mwalimu mkuu katuma dole gumba. 🙏🏾

Ila (samahani wakuu najua mmechoka) sasa yule mwalimu wa habari anayepandisha matokeo hawezi kulogini kwenye shule4.sc.tz/wp-admin. Anaandika paswedi sahihi, inamrudisha "Cookies are blocked or not supported by your browser". Kwenye simu, kwenye kompyuta ya maabara, kote.

Fundi_Kimya
Hiyo naijua. Kuki (alama za kulogini ambazo brauza inatunza) zinawekwa kwa .mfano.co.tz, brauza iko shule4.sc.tz inazikataa. Weka kwenye wp-config define('COOKIE_DOMAIN', '.sc.tz'), shule zote zitashea.

BiMkubwa_wa_Rekodi
Fundi nusu ya kwanza umepiga palepale. Mtandao wa sabudomeni kuki zake zinatolewa kwa jina la mtandao mkuu na nukta mbele, kwenye domeni ya kigeni brauza inazitupa. Lakini '.sc.tz' hapana jamani, brauza zina orodha ya miisho ya umma, .co.tz, .or.tz, .ac.tz, .sc.tz zote zimo, na hazikubali kuki ya mwisho wa umma. Fikiria ingekubali, kila shule Tanzania ingesoma kuki za kila shule. Inayofanya kazi ni hii, ndani ya wp-config juu ya mstari ulioandikwa stop editing:

define('COOKIE_DOMAIN', $_SERVER['HTTP_HOST']);

Ila ujue kulogini mfano.co.tz hakukuingizi shule4.sc.tz. Kila domeni utalogini kivyake. Hilo halina ujanja wa bure.

mrithi_wa_seva
WAKUU NISAIDIENI HARAKA. Nimeweka huo mstari TOVUTI ZOTE 11 ZIMEKUFA. Ukurasa mweupe umeandikwa

The constant "COOKIE_DOMAIN" is defined (probably in wp-config.php). Please remove or comment out that define() line.

DogoWaKodi
Nilisema mimi 😂

BiMkubwa_wa_Rekodi
Toa mstari kwanza, zitarudi hapo hapo. Pole, kosa langu, nilipaswa kuuliza kwanza. Lakini sasa nimejua kitu ambacho hukutuambia kwa sababu na wewe hukukijua. Huo ujumbe hautoki WordPress yenyewe, unatoka kwenye faili linaitwa sunrise.php la plagini ya zamani ya WordPress MU Domain Mapping. Angalia wp-config kama kuna SUNRISE, na wp-content kama kuna sunrise.php.

mrithi_wa_seva
Nimetoa, zimerudi, nimekaa chini. Ndiyo kuna define('SUNRISE', 'on'). Na faili lipo. Tarehe ya faili ni 2013.

BiMkubwa_wa_Rekodi
Basi hadithi yako ndo hiyo. Enzi hizo WordPress ya tovuti nyingi, iliyoingizwa toleo la 3.0 mwaka 2010 kutoka WordPress MU (WordPress ya tovuti nyingi iliyokuwa pembeni), haikujua kupokea domeni ya nje yenyewe. Watu wakatumia hiyo plagini, na sunrise.php inaamka mapema kabisa kabla WordPress haijasoma wp_blogs. Ina daftari lake la pembeni, jedwali wp_domain_mapping. Ikikuta jina humo inaamua yenyewe tovuti ni ipi, na WordPress inakuta imeshaamuliwa wala haiangalii tena. Isipolikuta ndo wp_blogs inasomwa. Toka toleo la 4.5, mwaka 2016, hakuna haja ya hayo yote, unaandika domeni kwenye Site Address kama ulivyofanya, basi.

Kwa hiyo una madaftari mawili na la zamani ndo linasomwa kwanza. Tuma SELECT * FROM wp_domain_mapping. Nina hisia shule9 yako iko humo.

mrithi_wa_seva
1 | 2 | shule2.or.tz | 1
2 | 7 | shule9.sc.tz | 1
3 | 7 | shule7.ac.tz | 1

Safu ya pili ndo blog_id eti? Yaani shule9.sc.tz imeandikwa kwa tovuti ya 7!!

BiMkubwa_wa_Rekodi
Ndiyo. Kwenye wp_blogs shule9 imekaa sawa, mstari wa 9 na domeni yake, ila haijawahi kusomwa hata siku moja, wa pembeni anajibu kabla yake. Mtu aliyekutangulia alikosea namba moja, labda akarekebisha kwenye wp_blogs akashangaa mbona haibadiliki, akaacha.

mrithi_wa_seva
Nimeweka define('SUNRISE', 'off'). Lakini shule9 bado inafungua shule7.

Fundi_Kimya
😂😂 hapo hata mimi niliwahi kupotea siku nzima. WordPress haisomi umeandika on au off. Inaangalia tu kama SUNRISE ipo. Hata ukiandika 'ugali' inaamka. Inabidi mstari wenyewe uutoe.

BiMkubwa_wa_Rekodi
SUBIRI usiutoe bado! Angalia jedwali lako, shule2.or.tz na shule7.ac.tz zinaishi humo peke yake, kwenye wp_blogs ni shule2.mfano.co.tz na shule7.mfano.co.tz. Ukitoa SUNRISE sasa hivi hizo shule mbili zinarushwa wp-signup dakika hiyo hiyo. Utaratibu:

Bakapu ya databezi kwanza, na ushuke nayo kwenye mashine yako usiiache kwenye seva ile ile. Kisha tovuti 2 uandike Site Address https://shule2.or.tz, tovuti 7 uandike https://shule7.ac.tz. Pita wp_blogs tena uone kila domeni iliyo kwenye daftari la zamani iko kwenye jipya. Ndipo utoe SUNRISE, zima na hiyo plagini kwenye Network Admin, halafu ndo uweke COOKIE_DOMAIN. Sunrise.php libadilishe jina usilifute, litakaa hapo likukumbushe.

Fanya usiku.

kitochi_cha_bei
Nafuatilia huu uzi kama tamthilia

mrithi_wa_seva
Saa nane usiku. Nimefanya hatua kwa hatua. shule2.or.tz inafungua, shule7.ac.tz inafungua, shule9.sc.tz kwa mara ya kwanza katika maisha yake inafungua shule9. Nimelogini shule4.sc.tz, imeniingiza. Nimekaa naangalia dashibodi tu kama mtu kapata mtoto.

Kitu kimoja kilichobaki, kwenye shule4 picha za zamani na menyu bado zina shule4.mfano.co.tz. Nimefungua phpMyAdmin nataka nifanye REPLACE kwenye wp_4_options na wp_4_posts.

BiMkubwa_wa_Rekodi
wp_4_options usiiguse kwa REPLACE tafadhali. Humo kuna data zilizofungwa pamoja na urefu wake. Utakuta s:26:"https://shule4.mfano.co.tz", hiyo 26 ni hesabu ya herufi. Ukibadilisha jina peke yake inabaki s:26 na ndani kuna herufi 20, PHP inakataa kuifungua, wijeti na mipangilio ya themu vinapotea vyote kimya kimya. WP-CLI inahesabu upya yenyewe:

wp search-replace 'shule4.mfano.co.tz' 'shule4.sc.tz' --url=shule4.sc.tz --skip-columns=guid --dry-run

Soma inachosema, ukiridhika toa --dry-run. Usiweke --network, shule nyingine hazihusiki.

nyota_ya_ngong
Hii ya guid ni ya nini?

BiMkubwa_wa_Rekodi
Ni kitambulisho cha chapisho, si linki, ingawa inafanana na linki. Wasomaji wa RSS (programu za kufuatilia machapisho mapya) wanaitumia kujua chapisho hili washaliona. Ukiibadilisha yote yanaonekana mapya.

mrithi_wa_seva
Imebadilisha 412, picha zote zimerudi, kufuli la kijani kote. Dada sijui nikushukuru vipi, nitumie namba ya simu inbox hata soda.

DogoWaKodi
Nakubali kimya kimya. Ila zangu 6 sizirudishi.

mrithi_wa_seva
Apdeti ya asubuhi: mwalimu mkuu kapiga simu saa moja kasoro. Nikajua tumekwisha. Anasema tovuti inafunguka vizuri sana ila nembo ya shule bado ni ya zamani, niangalie kama ni domeni. Nimeangalia. Nembo mpya hawajawahi kunitumia.